Pasi ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa mwanajeshi mstaafu, na siku niliyokwenda kujitambulisha nilikuwa nimekariri hotuba nzima. Alinisikiliza sentensi moja, akanitazama kifuani, akasema, "Kijana, vua shati." Nikavua; nilijua sasa napigishwa kwata. Kumbe mzee analamba kidole, anagusa pasi, inalia chss, anaanza kuninyooshea kola polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Akanirudishia shati likiwa la moto. "Haya, sema sasa." Hotuba ilikuwa imeyeyuka. Nikasema tu nampenda binti yake.

Kila asubuhi aliwapigia pasi watu wote wa nyumba ile, sare za wajukuu, gauni la mkewe, hadi soksi, huku akipiga mluzi wa gwaride. Vita hakuvisimulia; ukimuuliza, naye anakuuliza kama una suruali ya kunyoosha. Nami, mwanamume mzima na ndevu zangu, nikadeka. Nilikuwa nampelekea nguo kwa kisingizio cha kumjulia hali.

Siku ya kumzika nilijipigia pasi mwenyewe, nikajiona nadhifu kweli. Mama mkwe akanitazama kifuani mbele ya waombolezaji. "Mwanangu," akasema, "vua shati."

Nikalivua nyuma ya mlango, nikampitishia. Nikasikia pasi inalia chss. Shati lilirudi limenyooka, la moto, na begani limelowa.