Makosa Niliyoyachagua

Nilikuwa mwaka wa tatu wa shule ya msingi huko Lusangi siku mkaguzi alipoingia darasani mwetu, akaandika hesabu ubaoni, kisha akaanza kupangusa chaki mikononi. Kabla hajamaliza nilikuwa nimenyoosha mkono. Akaandika nyingine, halafu nyingine ambayo hata mwalimu wetu aliikunjia uso. Jioni ile alikuja nyumbani, akaketi kwenye kiti chetu kimoja chenye mgongo, akamwambia baba:

"Mutoto huyu anapita wenzake. Kule Kasongo tumefungua darasa la watoto kama yeye. Mumulete."

Baba alikuwa mchimba dhahabu aliyetoka Kivu, na shule aliiacha mapema. Alicheka kwa furaha mpaka machozi yakamtoka. Mama hakucheka. Aliuliza neno moja tu: "Atalala kwa nani?"

Nililala kwa shangazi, dada yake baba, mjane aliyeuza samaki wa kukaushwa katika soko la Kasongo. Alikuwa mwema, lakini alitoka kabla sijaamka na kurudi amechoka, hana maneno. Nikitoka shule nilikuta bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, vimefunikwa kwa sahani. Nilikula peke yangu, nikisikiliza watoto wa jirani wakiruka kamba. Hawakunifukuza. Ila tu hawakuniita.

Tulikuwa watoto sita katika lile darasa, kila mmoja na kijiji chake. Tulikusanyika alasiri, wengine wote wakiwa wameshakwenda kwao. Asubuhi tulichanganywa na wanafunzi wa kawaida, na mimi nilirushwa hadi mwaka wa tano, kati ya wasichana walionipita kwa kichwa kizima. Siku ya kwanza mwalimu wao aliuliza swali, wakashindwa, akaniinua mimi. Nilipojibu aliwageukia: "Muone haya! Katoto haka kanawapita!"

Tangu hapo jina langu likawa Katoto. Kwenye benchi, kati yangu na aliyekuwa jirani yangu palibaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyekuja kuijaza.

Siku moja nilikosea kweli. Mwalimu alinituma kuandika sentensi ya Kifaransa ubaoni, nikaruka neno zima. Darasa likalipuka kwa kicheko, nami nikacheka. Wakati wa mapumziko msichana mmoja alinishika bega, akanipa ncha ya kamba nizungushe. Nilizungusha mpaka mkono ukauma, na sikutaka kengele ilie.

Kesho yake nilikosea tena, safari hii kwa kutaka. Nilizoea upesi. Nilijua nikosee wapi ili wacheke, na nikosee kiasi gani nisichapwe. Baada ya majuma machache hata alasiri nilikuwa nakosea, mkono ukienda wenyewe.

Mwalimu wetu wa alasiri alikuwa mama mnyamavu, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Siku moja aliwaacha wenzangu waende, akafungua daftari langu la dikte, yaani imla, mbele yangu.

"Neno hili juma lililopita uliliandika vizuri. Leo umelikosea mara mbili, na kila mara kwa namna yake. Makosa haya umeyachagua, sivyo?"

"Ndiyo, Madame."

"Sababu gani?"

"Nikikosea, wananiachia kamba."

Hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge chake.

"Mimi nilisoma nikiwa msichana peke yangu katika darasa la wavulana," alisema. "Dawa yake sikuipata, sitakudanganya. Lakini usijizoeze ujinga, mwanangu. Utakushika, na hao hawatakusaidia kuuondoa."

Alikwenda kuzungumza na mwalimu wa mwaka wa tano, naye akaacha kuwaaibisha wenzangu kwa ajili yangu. Mimi nikaacha kukosea. Alama zikarudi. Ncha ya kamba akapewa mwingine.

Likizo ilipofika nilipanda pikipiki kwenda nyumbani, nikijiambia kwamba huko nitapumzika. Mama alinisemesha Kibangubangu chake, nikamjibu kwa Kifaransa bila kujua. Alitazama chini. Mdogo wangu, tuliyekuwa tukigombania blanketi moja, aliniletea maji ya kunawa akipiga magoti, kana kwamba mimi ni mgeni. Nilimwambia aache. Akasema, "Baba alisema wewe ni mutu mukubwa sasa." Nilikuwa na miaka tisa.

Nilimaliza, nikapata diploma, na leo nafundisha Kabambare. Mwaka huu nina msichana anayemaliza hesabu wenzake wakiwa bado wanapiga mistari. Direkta wa shule anataka tumrushe madarasa mawili. Nilimwita msichana kando, nikamweleza yote taratibu, nikamuuliza kama anataka.

"Rafiki yangu naye anaenda?"

"Hapana. Wewe tu."

Alifikiri huku akikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu.

"Basi nibaki, Madame."

Nimemwambia direkta kwamba mtoto abaki, na kila alasiri nampa kazi ngumu za kwake, rafiki yake akiwa ameketi pembeni anachora. Direkta anasema ninamchelewesha mtoto. Huenda ni kweli. Kuna siku namwona amemaliza kila kitu, anatazama dirishani, nami sijui cha kumpa.