Shati ya papa

Kila nikifungua chupa ya javeli ya kufulia nguo nyeupe, harufu yake inanirudishia shati ya papa. Bomba la klori lilipasuka kiwandani kwake, wakamuleta hospitali akikohoa, macho yamevimba. Muuguzi akamuvua nguo zilizolowa klori pale uani, akamumwagia maji mengi.

"Mama, usiguse shati hiyo," muuguzi akamuambia mama. " Iko na sumu."

Mama akaniinamia. "Anataka kuipeleka kwa mulozi. Nguo ya mugonjwa haiachwi kwa mutu usiyemujua." Akaiokota haraka, akaificha kifuani, chini ya kitenge.

Ndani, papa aliwekewa oksijeni, pumzi ikaanza kutulia. Mama ndiye aliyeanza kukohoa. Muuguzi akaja mbio na ndoo ya maji.

"Unaona?" mama aliniambia, akikaza kitenge. "Sasa ameanza na mimi."