Maneno ya Mtu wa Chuma

Msusi wangu wa Malvern, huku ugenini, ni Mkongo, na kama mimi, ni mgonjwa wa filamu za anga za juu. Jumamosi ile sote tulikuwa tumeshaiona ile ya zamani iliyotengenezwa upya, na tulianza kubishana kabla hajashika kitana. Yeye alisema wamenakili ya kwanza toka mwanzo hadi mwisho. Mimi nilisema wameiharibu, kwa sababu wameacha maneno ya mtu wa chuma, yule roboti, anapokufa: "Nenda nyumbani, rubani. Mama yako hajalala bado."

"Mama, hata katika ile ya kwanza hakuna hayo maneno," alisema msusi.

Hasira zikanipanda. Nayajua tangu utoto wangu Temeke! Nikamwambia binti yangu, aliyekaa pembeni akinisubiri, aitafute ile ya kwanza kwenye simu, nimuumbue msusi mbele ya wateja wake. Tukainamia simu sote watatu. Mtu wa chuma alizima taa za macho, akafa kimya.

Eish. Hapo ndipo nilipokumbuka banda la video la kule Temeke nilikoiona, na yule mtafsiri aliyekaa kando ya televisheni na maikrofoni yake, akitusimulia filamu kwa Kiswahili. Maneno yale alijitungia mwenyewe.

Binti yangu, ambaye huelewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza, aliuliza ni nani basi aliyeyasema. Sikuwahi kulijua jina lake, na sidhani kama kuna aliyemrekodi. Laiti nisingemtuma aitafute. Filamu niliyoipenda maisha yangu yote ilikuwa mdomoni mwa mtu yule, na binti yangu ameshaiona ile nyingine, isiyo na sauti yake.