Tundu Juu ya Kitanda cha Shangazi

Alhamisi nilikuwa Mji wa Kale, kwa shangazi yangu, fundi alipokuja kutandaza waya za intaneti. Mwana wa shangazi anafanyia kazi ghorofani, na mtandao haupenyi kuta zile nene za mawe. Siku nzima alipanda na kushuka ngazi, simu juu kama mwenge.

Drili ilikwama mara mbili. Vumbi lilipotujaa, shangazi akaonyesha tundu la kale kwenye dari, juu ya kitanda chake.

"Pitisha hapa, mwanangu."

"Hili lilikuwa la nini, mama?"

"Kijana wangu akicheka huko juu, akigombana na mtu kwenye simu, mimi husikia."

Fundi akapitisha waya, kisha akaliziba tundu kwa simiti, panya wasiutafune. "Umeshika!" mwana akapiga kelele kutoka kwenye ngazi, akapanda mbio, akafunga mlango. Mimi, mjinga, nikapiga makofi.

Shangazi akainamisha kichwa, akasikiliza. Akahamia upande wa pili wa kitanda, akasikiliza tena.

Jana alinipigia simu.

"Wewe uko naye kwenye mtandao," akasema. "Hebu muulize kama ameshakula."