Nyumba Hamsini na Saba Zilizosema Ndiyo

Kwa Mama Kezia mgeni hakuachwa asimame mlangoni. Siku ya kwanza nilipofika kwake, pale Kibondo, alinitolea kiti kabla hajaniuliza jina, akaniletea ndizi mbivu mbili kwenye sahani, kisha akakaa kusubiri niseme lililonileta. Mimi nilikuja na karatasi. Nilikuwa nimehitimu chuo mwaka ule na kupelekwa kujitolea katika ofisi ya maendeleo ya jamii, mbali na kwetu Same. Kazi yangu ilikuwa kuwasaidia wanawake waanzishe biashara ndogo.

Jina lake hasa ni Vestina Manirambona. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yeye akazaliwa katika kijiji kimoja cha Kasulu, akapata uraia pamoja nao, akaolewa Kibondo na mchoma matofali aliyeitwa Nestori. Nestori alifariki akamwachia binti mmoja, Kezia, ambaye wakati ule alikuwa kidato cha tatu. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya ukoo wa Nestori, na msemaji wa ukoo alikuwa kaka yake mkubwa, Marselino, mkulima wa kijiji cha Gwarama.

Huyo Marselino nilimkuta hapo mwezi wa Julai, akinywa chai.

"Shemeji, sikufukuzi," alikuwa akisema. "Ila shamba halilimwi kwa salamu. Mvua ya kwanza ikinyesha nataka mikono minne Gwarama, yako na ya binti. Ukiwa na biashara inayowalisha hapa mjini, haya, kaeni. Usipokuwa nayo, nyumba naiwekea wapangaji."

"Na shule yangu, baba mkubwa?" Kezia aliuliza.

"Barua unaweza kuisoma?"

"Naweza."

"Basi umemaliza."

Alicheka peke yake. Alipoondoka, Mama Kezia alikusanya vikombe. Mimi nilifungua daftari langu. Niliamini kabisa kwamba miezi miwili na nusu ingetosha.

Wazo la biashara nililitoa Kasulu. Kule stendi nilikuwa nimemwona dada mmoja, Rabia, akiuza maharage yaliyokwisha kuchemshwa, anayapima kwa kikombe, na watu wamepanga foleni. Nilimuuliza wateja wake ni akina nani. "Wenye haraka, mdogo wangu," alinijibu, mkono wake hausimami. Niliandika "wenye haraka" nikafunga daftari.

Nilimweleza Mama Kezia kwamba maharage hula kuni nyingi na muda mwingi, kwamba mwanamke wa mjini angefurahi kuyapata yameiva, amalizie kwa kitunguu na mafuta tu. "Unaonaje, mama?"

Alitazama karatasi zangu, akatazama mvuke wa sufuria yake mwenyewe jikoni. "Ni wazo zuri, mwanangu," alisema.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtu asianzishe biashara kabla ya kuwatafiti wateja. Kwa hiyo niliandaa dodoso la maswali tisa, na kwa siku nne tukapita nyumba sitini, mimi na yeye. Swali kubwa lilikuwa la saba: Je, utanunua maharage yaliyochemshwa yakiuzwa mtaani kwako? Kila nyumba tuliketishwa. Tulipewa maji, karanga, mahindi ya kuchoma. Tuliulizwa habari za nyumbani kwetu, na mimi niliulizwa kama Same kuna mvua. Hapo ndipo maswali yangu yakaanza, na wenye nyumba wakajibu kwa upole, "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha. Tutanunua. Mungu awabariki. Njooni tena.

Nyumba hamsini na saba zilisema ndiyo. Mbili hazikuwa na mtu. Hapana ilikuwa moja tu, ya Venanti, fundi baiskeli asiye na mke, aliyetujibu huku akipuliza valvu: "Sinunui. Nina kuni na nina meno. Jingine?" Njiani nilimwambia Mama Kezia kwamba katika kila utafiti hutokea mtu mmoja wa namna ile, na kwamba asimtie huzuni. Hakunijibu. Nilidhani amechoka.

Basi tulianza. Fundi alijenga jiko la udongo lenye matundu mawili. Mama Kezia aliuza mbuzi wake wawili, akanunua masufuria makubwa na gunia la maharage ya njano. Aliloweka tangu jana yake, akaamka alfajiri, na saa nne asubuhi alikuwa barazani na sufuria iliyofunikwa kitambaa cheupe. Maharage yalikuwa laini, yenye mchuzi mzito. Niliyaonja na nikajua hatuwezi kushindwa.

Hakuja mtu.

Yaani walikuja, lakini kusalimia. Wanawake wale wale wa hamsini na saba walisimama mbele ya baraza, wakauliza Kezia anaendeleaje, wakasifu jiko, wakapita. Siku ya tatu nilisikia wawili wakienda kisimani na ndoo zao, wananong'ona kwa sauti ya kusikika.

"Maharage ya kununua! Kwani jiko lako limefiwa?"

"Mama mkwe akiniona na kikombe kile, jioni ananirudisha kwetu na kikombe chenyewe."

Walicheka hadi wakapinda kona. Ndipo nilipoanza kuelewa. Hapa kila ukoo unalima maharage, na mke huthaminiwa kwa moto wake. Anayenunua maharage yaliyoiva ametangaza mtaa mzima kwamba ni mvivu. Wateja wa Rabia walikuwa wasafiri na wapiga debe, watu wasio na mama mkwe stendi. Nilihesabu nyumba. Wenye haraka niliwasahau.

Nilipendekeza tuhamie stendi ya Kibondo. Tulikwenda siku mbili. Akina mama lishe wa pale wanapika maharage yao wenyewe. Walitukaribisha vizuri, wakatupa benchi, na hawakununua hata kikombe.

Tulibaki na wateja wawili. Mmoja alikuwa Elieth, mke kijana wa jirani, aliyekuja adhuhuri na ndoo tupu ya maji, akamiminiwa vikombe viwili ndani yake, akafunika na kuondoka akiibeba kichwani kama anayetoka kisimani. Wiki ya pili ndoo ilidondosha mchuzi mlangoni kwake, mbele ya mama mkwe. Hakurudi tena. Wa pili alikuwa Venanti. Alikuja kila siku, akala amesimama, akarudisha bakuli.

"Si ulisema hununui?" nilimuuliza.

"Nilisema ukweli wa siku ile. Sasa naona mama wa watu anamwaga chakula. Mimi mmoja nitakula gunia?"

Marselino alipita mwishoni mwa Agosti, akafunua sufuria, akafunika. "Shemeji, nimesikia unauza maharage kwa watu wanaolima maharage. Kesho utawauzia mvua." Na mawingu kweli yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Burundi.

Nilitaka kufanya kitu. Niliandika dodoso jipya, nikauliza vizuri zaidi, nikampelekea. Alikuwa anapepeta maharage yaliyobaki. Alinitolea kiti.

"Mwanangu Elisante," alisema, "karatasi hizo ziweke."

"Mama, safari hii nimebadili maswali."

"Maswali hayakuwa mabaya. Ila mtu amekuja kwako na jua lote hili, amekaa, amekula karanga zako. Utamwambia hapana? Atatokaje mlangoni? Sisi hatuwezi. Hata mimi ungeniuliza ningekujibu hivyo hivyo."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu nyumba ya kwanza."

"Kwa nini basi hukuniambia?"

Aliendelea kupepeta. "Ulikuja kwangu kunisaidia. Ulikuwa na furaha."

Nilikumbuka nilivyomuuliza siku ile, unaonaje, mama, na alivyotazama sufuria. Kumbe nyumba ya kwanza kuniambia "ndiyo" ilikuwa yake, na hiyo sikuiandika popote. Nilizikunja karatasi zangu, nikaziweka chini ya kiti.

Mvua ilinyesha wiki ya tatu ya Septemba. Asubuhi yake Marselino alileta pikapu ya kuazima. Nilikwenda shuleni kuomba Kezia apangiwe mahali pa kuishi. Walinisikiliza kwa heshima, wakasema wataangalia. Nilirudi nikasaidia kufunga godoro. Masufuria mawili tuliyapakia mwisho. Jiko lilibaki, kwa kuwa limejengwa. Venanti alikaza kamba. Kezia alipanda nyuma akiwa na sare yake ya shule ndani ya mfuko wa rambo, akaushikilia magotini.

Mama Kezia alinigeukia. "Utakuja kututembelea Gwarama?"

Mkataba wangu wa kujitolea ulikuwa unaisha Ijumaa, na tiketi ya kurudi Same nilikuwa nayo mfukoni.

"Nitakuja, mama," nilisema.

Alinitazama kidogo. Kisha akainama, akagonganisha viganja vyake taratibu, kama wanavyosalimia kule kwao, akapanda gari.