Gunia Nililofunika Maji ya Kijani

Mwanangu, hata leo naikumbuka siku niliyoingia Temeke. Treni kutoka Kigoma iliharibika Tabora, nikalala stesheni siku mbili, nikamalizia safari juu ya lori la vitunguu. Mie miguu yangu haijawahi kutulia, lakini siku ile nilidhani nimefika.

Alinipokea Mzee Sefu, mpiga mbizi mstaafu. Sebuleni alikuwa na tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai. Chakula cha matumbawe hayo tulikikuza wenyewe: vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ndani ya chupa sita barazani, pampu ikipuliza mapovu, mpaka maji yawe kijani kama mchicha uliosagwa.

Siku moja Mzee akapata msiba Tanga, ikambidi asafiri. "Hawa wasikose kula," aliniusia, akinionyesha tangi. "Miaka tisa nawalea."

Mpangaji mwenzetu, Mama Zuhura, akapita na ndoo yake, akainama kuchungulia. "Kaka Kigoma, hiyo juisi yenu mtatuonjesha lini?" Akacheka. Kesho yake chupa moja ikapauka.

Alicheka nini yule? Nikaanza kumvizia. Akifua, namtazama mikono. Akinisalimia, naitafuta maana ya salamu. Mwisho nikazifunika chupa zote kwa gunia, nikakaza kamba, jicho lake lisifike.

Siku ya nne nikafungua. Zote njano, zinanuka, mashapo yametuama chini. Nikamkabili Mama Zuhura uani mbele ya wapangaji. "Kikulacho ki nguoni mwako! Umetia nini humu, mchawi wewe?"

"Mie?" Ndoo ikamtoka mkononi. "Haya, Mungu anakuona."

Mzee aliporudi alilitazama lile gunia kwanza.

"Nani kafunika?"

"Mie, Mzee. Macho ya watu."

"Vitu hivi vinaishi kwa mwanga, kijana. Umeviua wewe."

"Na ile chupa ya kwanza kupauka?"

Akauokota mpira niliokuwa nikivutia maji tangini, ambao niliuchovya chupani bila kuuosha. "Mpira huu umebeba wadudu wa tangini. Wamekula kijani chote."

Kwa kukosa chakula, nusu ya matumbawe yaligeuka meupe, yakafa. Mzee hakunigombeza. Ila tangu hapo chupa alizijaza mwenyewe, na mimi akanipa fagio. Akufukuzaye hakwambii toka.

Nikafunga begi, nikapiga hodi kwa Mama Zuhura kuomba radhi.

"Kusamehe nimesamehe," alisema, mlango nusu wazi. "Ila wanangu wamesikia mama yao akiitwa mchawi. Hilo utalifutaje?"

Nikalibeba begi langu. Niliondoka Temeke asubuhi ile, na sijarudi.

Mwanangu, kitu kikiharibika mikononi mwako, ichunguze kwanza mikono yako. Shaka uifanyie kazi kimyakimya. Usiitangaze uani kabla hujaijua kweli. Mungu akujalie jicho la kujitazama na ulimi mzito wa kushtaki, na kila nyumba utakayoihama, mlango wake ubaki wazi nyuma yako. Amina.