Risasi Nene ya Baba Mdogo

Harufu ya mafuta ya bunduki ilinifikia juzi katika nyumba ya wageni pale Makambako, kutoka chumba cha askari wa wanyamapori, nikashindwa kukaa. Nilizunguka ukumbini kama nilivyozunguka utotoni kwenye matuta ya viazi, kijijini kwetu nje ya Njombe.

Msimu ule nguruwe pori walikuwa wakitumalizia mahindi ya vinyungu, mashamba ya bondeni yaliyotulisha kiangazi. Baba, mwalimu wa shule ya misheni, alikuwa na raifoli ya risasi nyembamba. Mdogo wake, baba yangu mdogo, alikuwa na gobori ambalo mdomo wake ungemeza kidole gumba changu.

"Kirisasi chako hicho, kaka! Nguruwe atadhani kaumwa na siafu."

"Nyembamba huenda kasi, kwa hiyo hushuka kidogo. Yako ni nzito na ya polepole. Ukifyatua kwa mbali itapita chini ya shabaha."

"Risasi nene hunyooka mpaka ichoke. Kila mtu anajua."

"Umepima, au umesikia?"

Hakuwa amepima. Asubuhi ile, mimi nikiwa nimembebea mkoba, alifyatua kutoka ng'ambo ya bonde akilenga bega. Risasi ikashuka, ikavunja mguu, na nguruwe dume akajitosa kwenye miwati, miti iliyosongamana kando ya shamba. Mnyama wa namna hiyo akijeruhiwa hamkimbii mtu, humvizia. Na kwetu aliyejeruhi ndiye aingiaye kummalizia mnyama, wala hatumi mwingine. Baba mdogo alisimama, midomo imemkauka.

"Nipe hilo lako," baba alisema. "Chukua hii. Nitakuwa kushotoni kwako."

"Kaka, wewe baki."

"Twende."

Miwati ikawafunika. Nilikwenda na kurudi juu ya matuta, nikishtuka kila tawi lilipotikisika, hadi niliposikia mlio mmoja, mwembamba, mkali. Kisha kimya. Hatimaye wakatoka wote wawili, baba mdogo akicheka ovyo, baba amekunja uso kama siku zote.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba, pamoja na hoja zake zote, alipofikwa na hofu alijichagulia risasi nene. Jambo hilo lilinisumbua. Nilikuwa mtu mzima, nikilisafisha gobori lile baada ya mazishi ya baba, ndipo nilipofikiri sawasawa. Gobori hupakiwa upya kila linapolia, na siku ile baruti yote ilikuwa mkobani, begani kwangu. Baba aliingia miwatini ameshika chuma kitupu.